Pamba Iliyothibitishwa Mara Mbili

Siku ya kwanza kazini nilifika ghala la pamba la Kanyangi na miguu ya vumbi na darasa la tatu kichwani, basi. Karani mkuu wa wakati huo, mzee mpole, alinipeleka uani akanifundisha kazi yangu, kupanga pamba kwa daraja. Pamba nyeupe, kavu, isiyo na majani ni safi. Yenye madoa ya wadudu ni fifi, na bei ya fifi ni ya kulia. Nyinyi wajukuu mnaovaa mitumba hamjui haya. Mkulima anafungua gunia mwenyewe, mimi natia mkono hadi chini, natoa, namwonyesha, nasema kwa sauti foleni yote isikie. Karani naye anatia wake, anasema. Hapo imethibitishwa.

“Tunafanya uani,” mzee yule aliniambia, “kwa sababu pamba ni ya mwenyewe mpaka ipimwe.”

Alipostaafu, miaka ya sabini, tukaletewa karani kijana, wa suruali pana. Huyo ndiye alikuja na kuthibitisha upya. Gunia lililosemwa safi uani linabebwa ndani, mlango unafungwa, linatoka fifi. Mkulima analipwa fifi, pamba inauzwa safi. Nikamuuliza, akasema ni kuhakikisha tu. Meneja alipokuja kutoka kiwandani akaiita uhakiki wa pili. Bwana kilimo naye, aliyesoma zaidi, akaiita kuyakinisha. Maneno mengi kuliko magunia! Sisi tulikuwa na moja: wizi. Kitu kilichothibitishwa mbele ya watu, kinathibitishwaje tena mbele ya ukuta?

Ndunge, mjane jirani yangu, pamba yake ya msimu mzima iligeuzwa fifi hivyo. Binti yake akatolewa shule akaenda kuwa yaya. Na watu walinitazama mimi, maana ni mdomo wangu uliokuwa umesema safi. Hiyo iliniuma kuliko njaa.

Msimu uliofuata nilimwambia Ndunge kisimani asikubali gunia lake liingie ndani, hata wamtishe vipi. Siku ya kuuza, nilipokwisha kusema safi, akafunga gunia akalikalia.

“Mwaitu, mama, toka hapo,” karani akamwambia.

“Sitoki. Kama ni kuthibitisha, thibitisha nikiona.”

“Nani amekufundisha jeuri hii?”

“Ni mimi,” nikasema.

Akanigeukia. “Mama Mutheu, wewe kazi unaitaka ama huitaki?”

“Naitaka. Lakini mkono wangu umeshasema safi hapa uani. Wako unaogopa nini?”

Foleni ikacheka. Mzee mmoja akamshauri karani alete kiti, eti jua la Kanyangi halilipishwi. Kijana wa watu akatia mkono, akachokora mpaka pamba ikamwagika, jani asipate. Akasema safi kwa sauti ya mgonjwa wa malaria. Siku hiyo wakulima wote walikalia magunia yao.

Mwezi haukuisha nikahamishwa hadi ghala moja huko Makueni, mbali na watoto wangu. Hawakusema ni adhabu. Walisema ni mahitaji ya kazi. Nilienda, na huko pia nikasema safi na fifi kwa sauti, mpaka pamba yenyewe ikafa na kiwanda kikafungwa. Nilirudi nyumbani bila hata blanketi la kuagwa.

Juzi nilikutana na karani yule sokoni Kabati, ana kipara sasa na ni mtu wa kushika Biblia. Akanishika mkono.

“Mama Mutheu, yale yalikuwa mambo ya kazi tu. Tusameheane.”

Nikautoa mkono wangu. Mimi si mtu wa kuombwa msamaha kwa pamba ya mwenzangu. Binti wa Ndunge amezeeka akiosha vyombo vya wenyewe. Nikamwonyesha njia ya kwa Ndunge, nikamwambia ni karibu, hata kwa miguu anafika.

Yeye alipanda gari la kurudi nyumbani kwake.