Propela ya Kulia

Ndege ya vita anayoichonga mume wangu kwa mbao sebuleni, ile ya kweli iliundwa moja tu, kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Ilijaribiwa, ikakataliwa, ikakatwakatwa. Ilikuwa na injini mbili, na kazi yake ilikuwa kuruka chini chini ikishambulia askari walioko ardhini. Zimebaki picha mbili, zote za ubavu wa kushoto. Injini ya kulia haionekani.

Mume wangu alikuwa fundi wa ndege Nanyuki. Alipostaafu tukahamia Nyeri, akaanza kuchonga. Kesho wachongaji wa ndege wana maonyesho huko Nanyuki, na wana sharti moja: kila sehemu ya ndege iwe na ushahidi kwamba ya kweli ilikuwa hivyo. Mwaka jana walimrudisha mlangoni kwa sababu ya magurudumu, wenzake wa kazini wakitazama. Hataki kurudishwa tena.

Propela ya kushoto aliichonga kwa taabu, maana mikono inatetemeka. Ya kulia ikamshinda. Akaipeleka ile ya kwanza mtaa wa Majengo, kwa fundi wa vitanda, iwe mfano wa kuchongea ya pili.

Jana tulienda kuchukua kazi. Fundi alizipanga propela mbili juu ya meza yake.

“Ona, mzee. Zinaangaliana kama bibi na bwana.”

“Umepinda mapanga upande ingine! Hii itazunguka kinyume.”

“Sasa unataka zipeane mgongo? Nani alilala kwa kitanda iko na miguu mbili za kushoto?”

“Hii si kitanda!”

Fundi akanigeukia. “Mama, kwani huyu analala wapi?”

Nilicheka. Mume wangu hakucheka. Fundi akasema mbao imebaki, atachonga nyingine inayofanana na ya kwanza, tungoje. Tukangoja. Mume wangu alizichukua zote tatu.

Njiani akanieleza. Ndege nyingi za injini mbili, propela zote huzunguka upande mmoja. Lakini chache ziliundwa zikizunguka kinyume, ili ndege isivutwe pembeni. Ndege ya kuruka chini vile huenda ilihitaji hivyo.

Usiku alimpigia simu kila mwenzake anayemjua. Leo asubuhi ameanza kupiga tena.

Propela ya kushoto imeshagandishwa kwa gundi. Mezani kuna propela mbili za kulia, moja ya kuzunguka sawa na ya kushoto na moja kinyume, na gari la Nanyuki linaondoka alfajiri. Hatujampata mtu anayejua ile injini ilizunguka upande gani.