Faili Lenye Magaga

"Mjomba, unajuaje kwamba hakuna michoro miwili inayofanana?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa juu ya boksi la karatasi kwenye duka lake la uchapaji, miguu yangu haifiki sakafuni. Kwenye kompyuta yake michoro ilikuwa ikitokea mmoja baada ya mwingine: huu kama maji yanayoanza kuchemka, huu kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, huu kama ukuta uliobanduka rangi. Mjomba hata hakugeuka.

"Mashine inajua," alisema. "Na ushuke hapo, unazikunja karatasi za watu."

Mjomba ni kaka yake mama, na mtaa mzima unamwita Madoa. Ukimwona utadhani jina limetokana na mashati yake, maana hana shati ambalo wino haujalionja. Kumbe lilitokana na kikombe cha chai. Enzi hizo alikuwa anachapa kadi za harusi na vipeperushi vya vinyozi, basi. Nyumbani karatasi zote zilikaa kwenye droo moja, na kila hati ya kiwanja ilipohitajika, wasomi wa familia walimwaga droo nzima kitandani wakaanza kusoma moja moja. Bibi, mama yake Mjomba, hajui kusoma. Alikuwa anapitisha mkono mara moja tu na kuichomoa.

"Si hii hapa, yenye duara la chai?"

Kuna mtu aliwahi kuweka kikombe juu yake. Wengine waliona uchafu, Mjomba akaona kitu kingine. Akajiuliza, kwa nini kila karatasi isizaliwe na doa lake?

Akajifunza kompyuta kwa kuiharibu na kuitengeneza. Programu aliyoiandika inachukua namba zilizomo kwenye karatasi na kuzigeuza kuwa mistari, nukta na mikunjo, mchoro hafifu unaolala chini ya maandishi. Namba moja ikibadilika, mchoro unageuka mwingine kabisa. Nilikuwa napenda kumtazama akiupima. Anaubandika ukutani, anarudi nyuma hadi mlangoni, anafumba macho nusu kama mtu aliyetiwa sabuni. Ukikolea sana, anasema, mtu ataona mchoro asisome. Ukififia sana, atasoma asione. Ukimridhisha anasema, "Huyu ana sura," na kuuchapa.

Kliniki ya jirani ndiyo iliyomchukua kwanza, kwa mafaili ya watoto wachanga. Akina mama waliyapenda. Ungewasikia mlangoni, "Wangu ni yule wa mawimbi," "Nipe wangu wa punje za mchanga," kama watu wanaookota watoto wao uwanjani.

Lakini aliyekuwa na shida hasa ni Bibi.

Siku ya kliniki ya presha, karani hutandaza mafaili kwenye meza ndefu, kila mgonjwa achukue lake akapange foleni. Mafaili ya wazee yalikuwa ya kahawia, yote sawa. Bibi alikuwa anangoja apatikane mtu wa kumsomea. Siku moja akapatikana jirani yetu, mama mwenye sauti ya kuitia kuku. Alilipata faili, akalifungua bila kuombwa, akasoma.

"Ala! Kumbe na mkojo nao hukuponyoka, mama?"

Benchi zima liligeuka. Bibi alirudi nyumbani bila dawa. Tangu hapo, siku ya kliniki ikikaribia, goti linamuuma, au wingu analiona limekaa vibaya. Presha ikawa inapanda. Jioni moja mama alimwambia Mjomba waziwazi, "Kaka, mama asiporudi kule tutampoteza. Fanya unavyojua."

Mjomba akamwomba mganga mkuu wa kliniki amruhusu kujaribu na majalada ya mafaili ya wazee. Akakubaliwa, akaiachia mashine iyachape yote usiku. Akamchapia Bibi mfano wa jalada lake, magamba ya samaki yaliyopangana vizuri, na Bibi akaubandika karibu na kitanda akawa anautazama kabla ya kulala. Goti likapona lenyewe.

Ilikuwa likizo, nikaenda naye. Bibi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda mezani bila kumtazama mtu, akaweka mkono juu ya magamba ya samaki. Mkono mwingine ukalishika faili lilelile. Ulikuwa wa mzee fundi viatu.

"Samahani mama, hilo langu."

"Lako tangu lini? Haya magamba nimelala nayo."

"Hata mimi nimepewa magamba. Karani kanionesha mwenyewe."

"Basi kakuonesha langu!"

Kila mmoja akavuta upande wake. Karani alikuja mbio, akasoma jina. Lilikuwa la fundi viatu. Akavuta faili la pili, magamba. La tatu, magamba. Karibu meza nzima.

"Jamani, hapa ni kliniki au soko la samaki?" mtu akauliza kutoka kwenye benchi, na watu wakacheka hadi wengine wakakohoa. Bibi hakucheka. Alifunga mkoba wake.

"Nipeleke nyumbani," aliniambia. Dawa hakuchukua.

Mganga mkuu hakupandisha sauti. "Madoa, nakupa mpaka kliniki ijayo. Ikishindikana, tunarudi kwenye kahawia."

Siku hiyo dukani Mjomba alitafuna kifuniko cha kalamu hadi kikawa kama kimepita kwa mbwa. Nilivuta kiti, tukaangalia namba pamoja. Programu ilikuwa inachora kutokana na tarehe ya kuzaliwa, na saa ikiwepo. Kwa watoto ilifaa, maana siku na saa yao huandikwa kitovu hakijakauka. Wazee wetu walizaliwa wakati hakuna aliyeandika. Siku ya kuandikishwa vitambulisho, karani aliyechoka aliwapa wote wenye mvi tarehe moja, mwezi wa kwanza, na mwaka mmoja wa kubahatisha.

"Kumbe Bibi ana mapacha mtaa mzima," nilisema.

Mjomba alinitazama kwa hasira, halafu kicheko kikamshinda. Kilipokwisha akaweka kidole kwenye skrini.

"Ile tarehe si yao," alisema. "Walipewa tu. Mimi nimemchora yule karani wa vitambulisho."

Kesho yake akaanza kuzunguka kwa wazee, akiwaomba kila mmoja kitu chake ambacho mkono wake unakijua hata gizani. Fundi viatu alitoa soli iliyolika upande. Mwingine alitoa redio yake, apigwe picha matundu ya spika. Mwingine alisema hana kitu, akafungua kiganja. Bibi alikataa kumsikiliza hata mlangoni. Siku ya tatu ndipo alipokuja dukani mwenyewe, akavua kandambili, akataka kupandisha mguu kwenye skana.

"Mama! Hicho ni kioo!"

"Basi chukua simu yako, nipige kisigino. Magaga haya nimeyafuga mwenyewe. Nani mwenye kama haya?"

Mama alikuwepo, akashika kichwa. "Jamani, mama, watu wote waone miguu yako?"

"Waone," alisema Bibi. "Wasisome tu."

Mjomba akapiga picha, programu ikafuata ile mipasuko badala ya tarehe. Ikatoka kama ardhi ya kiangazi, yenye ufa mmoja mrefu uliopinda kama mto.

Siku ya kliniki tulisimama dirishani mimi na Mjomba. Meza ilikuwa na kila aina ya sura. Jirani yetu mwenye sauti alimkaribia Bibi, "Mama, nikusomee?" Bibi alikuwa bado anatafuta, mkono unapita juu ya soli, juu ya matundu, juu ya kiganja. Mjomba alikuwa ameacha kupumua. Nikaona ndiyo nafasi.

"Mjomba, sasa niambie. Unajuaje kwamba hakuna miwili inayofanana?"

Mkono wa Bibi ulisimama. Alilichomoa faili lake, akalikumbatia kifuani, akamjibu jirani kwa kidevu tu, na kwenda kupanga foleni.

Mjomba akashusha pumzi. "Mimi sijui," alisema. "Nangoja mpaka mwenyewe alichukue."