Fomu Zisizo na Nafasi Tupu

Nilijifunza kusoma ukubwani, lakini kijiji chetu cha Ujamaa, huko Ipole, hakikuwa na mkaguzi wa fomu wa kunishinda. Tuliomba mizinga ya nyuki ya mbao, kila kaya na fomu yake, na fomu yenye nafasi tupu ingetukosesha. Nikabandika yangu niliyokwisha kuijaza ukutani, wenzangu waione. "Jazeni hivi hivi."

Fomu zao zilipokuja nikapitisha kidole mstari kwa mstari, zote zimejaa. Nikagonga muhuri kwa madaha.

Bwana Nyuki wa wilaya akazisoma. "Mzee Kasimu, kijiji kizima mnaitwa Kasimu?"

Nikajua mizinga imekwenda. Yeye akacheka, akatoa fomu mpya mkobani. "Jazeni tena leo, mizinga ipo."

Nikashusha pumzi.

"Ila uanze na Bi Mwajuma," akasema. "Mjane ana wake wawili."