Kiwiko cha Mkausha Muhogo

Jirani yangu amekausha muhogo kwa moto wa bomba la gesi, ile ambayo kampuni ya mafuta huichoma tu hewani, tangu nikiwa mdogo. Huinama na ungo, huukinga uso kwa kiwiko, huuweka ungo karibu na moto, kisha hurudi kinyumenyume. Mkono huo hauna unywele hata mmoja. Mwezi uliopita serikali iliuzima moto ili gesi ikazalishe umeme wa mjini, naye akapewa sanduku la kukaushia kwa jua, huku kwetu Delta ya Niger, katikati ya masika. Jana nilimkuta penye bomba na ungo wake, kiwiko usoni.

"Mama, hapa hakuna moto tena."

"Najua, mwanangu. Muhogo wa sandukuni umeoza wote."

Hakukishusha kiwiko. Kilikuwa kimelowa, na mvua ya siku hiyo ilikuwa bado haijaanza.