Sakafu ya Mfereji

Ofisini walimwita Bi Vina, kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeingiza kwenye kompyuta vina vya mifereji yote, ili programu ionyeshe mvua kubwa ikinyesha maji yatafika wapi. Kazi aliipenda, na sifa alizizoea. Kisha akaajiriwa mdogo wake wa tumbo moja, Kitinda.

Haukupita muda, bosi akampa Kitinda mfereji mkubwa unaopita nyuma ya maduka. "Huyu binti ana mkono mwepesi," akasema mbele ya watu. "Bi Vina, angalia usije ukafunikwa!"

Wote wakacheka. Bi Vina naye alicheka, lakini roho ilimuuma kama jino bovu. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo tangu utotoni: Kitinda akiimba, wageni walipiga makofi, akiimba yeye, alitumwa chumvi dukani.

Jumatatu moja, Kitinda akiwa ametoka, Bi Vina aliifungua kazi ya mdogo wake. Kosa alilibaini papo hapo. Vipimo vya sakafu ya mfereji vilichukuliwa kwenye picha za angani, na picha hizo huishia juu ya maji, chini hazioni. Sakafu ikawa juu mno, mfereji ukawa kama sinia. Mvua kidogo tu, maji yanamwagika pande zote.

Bi Vina akaifunga, akajitia hamnazo. "Na aumbuke," akajisemea.

Alhamisi wenye maduka waliitwa. Kitinda akawasha skrini. Kwenye ramani, maduka yote yakafunikwa na rangi ya buluu ya mafuriko. Mama muuza vitambaa aliinuka, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mnatuhamisha?"

Kitinda akababaika. Akamtazama dada yake, kama alivyomtazama zamani alipovunja kitu nyumbani.

Bi Vina alisubiri furaha ije. Haikuja. Akasimama. "Hapana, mama. Sakafu ya mfereji imewekwa juu kuliko ilivyo. Tutapima upya."

Koridoni Kitinda alimshika mkono. "Dada, umelijua lini hilo?"

"Jumatatu."

"Ukaniacha nisimame pale?"

"Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Kitinda aliuachia mkono ule, akaondoka. Kesho yake alivaa buti za mpira, akaingia mferejini mwenyewe na fimbo ya kupimia, wala hakumwita dada yake. Ramani mpya ilipotoka, ni ua wa nyuma tu ulioguswa na maji. Bosi akamsifu kuliko mwanzo: amekosea, amepima upya, amerekebisha.

Bi Vina akapiga makofi na wenzake, na wivu ukamrudia palepale, mbichi kabisa. Walipokuwa wakifunga ofisi alimfuata Kitinda mezani kwake.

"Kazi yako nzuri," akamwambia. "Na inaniuma."

Kitinda akamsogezea kiti.

"Kaa basi. Mfereji unaofuata unanishinda. Lakini kompyuta yangu usiiguse."