Tundu la msaragambo kwenye sakafu ya Bibi Borghild

Saa nne asubuhi, Torunn Myrvang amelala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu la watu, shavu juu ya vigae, soksi za sufi miguuni. Viatu kaviacha mlangoni. Hapa Skarvnes hata fundi haingii ndani na viatu, awe amebeba nyundo au jeneza.

"Mgonjwa kawa baridi kabisa," anasema bila kuinuka. "Lakini nyaya hizi hazifi hivi hivi. Huwa kuna mtu kaziumiza."

Torunn, mwenye umri wa miaka 54, ni fundi umeme. Katika ghuba hii ya kaskazini mwa Norwe anajulikana kwa jambo moja: kuutafuta waya wa joto ulioumia chini ya sakafu na kuutengeneza bila kuivunja nyumba ya mtu. Kila bafu huku lina waya huo, umelazwa chini ya vigae ukijikunjakunja kama utumbo. Ukikatika, sakafu inakuwa barafu na maji ya kuogea hayakauki.

Kwa mwenye nyumba, Bibi Borghild Fjellstad mwenye miaka 83, hilo si la mzaha. Aliteleza mwaka jana akavunja nyonga. Muuguzi anayemtembelea amemkataza katakata kuingia kwenye bafu la namna hiyo. Fundi wa kwanza kuitwa alitazama, akatikisa kichwa, akasema sakafu nzima ing'olewe. Hiyo ni kazi ya msimu mzima wa baridi, na wakati huo bibi akaishi kwenye nyumba ya wazee.

Sanduku lake la nguo limeshasimama mlangoni.

"Wanasema nitarudi theluji ikiyeyuka," anasema Bibi Borghild, akimimina kahawa nyeusi. "Thubutu! Nani umemwona karudi kutoka kule? Jirani yangu Ågot alikwenda kupumzika wiki mbili tu. Kaburi lake lile pale, ukichungulia dirishani unaliona."

Torunn anainuka akishikilia sinki. Magoti yake yote mawili yamekwisha kufanyiwa upasuaji. "Mshahara haunisumbui," anasema. "Fundi huku anaishi vizuri. Ila mwili ndio unaolipa. Mume wangu ananiambia napiga magoti kuliko kasisi."

Kipimo chake kimeonyesha waya umeumia mahali fulani kati ya choo na mlango. Kamera ya joto nayo imeonyesha doa, lakini pana, maana maji yameshapenya na joto linatawanyika. Hapo ndipo penye mtihani. Chini ya vigae kuna utando wa kuzuia maji. Akiinua kigae kimoja, anaweza kuuziba vizuri. Akianza kubahatisha, avunje cha pili na cha tatu, utando unachanika, na hapo kweli bafu zima litang'olewa.

"Kwa hiyo nina kigae kimoja," anasema. "Na sanduku la huyu mama linanitazama."

Anakwenda jikoni kwa bibi, anakaa. Vuli iliyopita majirani walimfanyia Bibi Borghild msaragambo: wakamjengea njia ya mteremko nje, wakamfungia vishikio ndani. Torunn ameshawapigia simu karibu wote kuuliza ni nani aliyeshika drili bafuni. Jibu lao ni moja: "Ah, tulikuwa wengi."

Ndivyo watu wa huku walivyo. Kazi ya msaragambo ni ya wote, na kosa lake halina mwenyewe. Mtu katoa siku yake bure, katoka jasho kwenye baridi, utamuulizaje kaharibu nini? Ni aibu kuuliza na ni aibu kujibu. Basi watu wazima wanakaa kimya, na bibi wa watu anafungashiwa nguo. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Torunn kazaliwa hapa hapa. Anazungusha kikombe chake, kisha anauliza kwa upole:

"Borghild, mimi siulizi nani kaharibu. Niambie tu, kile kishikio cha bafuni ulimshukuru nani?"

Uso wa bibi unachangamka. "Oddgeir! Nilimpa chupa yangu ya mwisho ya jemu ya multe, zile beri za kinamasini. Nilizichuma mwenyewe zile kabla ya hii nyonga. Na tangu siku ile haji kunywa kahawa! Nikasema labda jemu ilichacha."

Torunn tayari yuko kwenye simu. "Oddgeir, njoo unywe kahawa kwa Borghild."

"Nina kazi," inasikika sauti.

"Kazi gani, na umestaafu? Njoo. Na uvae soksi nzima."

Oddgeir Lillebakk, aliyekuwa dereva wa gari la kusukuma theluji, anafika kichwa chini. Analikwepa sanduku pale mlangoni kama vile linang'ata. Bafuni anasimama, anakohoa.

"Kishikio tulitaka kukikita sakafuni," anasema. "Nikatoboa. Halafu tukaona ukutani ni bora. Nikaziba lile tundu kwa saruji ya rangi ile ile, wala halikuonekana."

"Ulijua umegusa waya?"

"Siku ile, hapana. Umeme ulipoanza kujikata ndipo nikajua." Anamgeukia bibi. "Nilitaka kusema, Borghild. Kila nikipita hapa naliona sanduku mlangoni, naona kama nimelifungasha mimi."

Bibi anauliza, "Na jemu yangu umekula?"

"Ningeilaje? Iko kabatini. Sijaifungua."

"Pumbavu wee," anasema Bibi Borghild, lakini kamshika mkono. Oddgeir ananyoosha mguu na kugusa kigae kwa kidole gumba. "Hapa."

Torunn anakikata kigae pembezoni, anakibandua taratibu kwa patasi. Waya uko pale, umeng'atwa na ncha ya drili, umeota kutu ya kijani. Anakata palipooza, anaunga, anapafunika palipoungwa kwa mpira unaosinyaa kwa hewa ya moto. Anapima. Anapima tena, halafu anatabasamu.

"Mzima," anasema.

Wiki moja baadaye, gundi ya kigae kipya imekauka. Rangi yake haijalingana na vingine, lakini hakuna anayejali. Oddgeir amekuja na jemu, kaifungua mwenyewe. Torunn anawasha swichi, nayo inatulia bila kujikata.

"Kabla sijastaafu," anasema, "nataka kila nyumba ya ghuba hii iwe na picha ya nyaya zake, ipigwe kabla vigae havijafunika, ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la fyuzi. Nimeshaanza na kwangu. Na anayetoboa pasipo pake aseme siku hiyo hiyo, jemu yake atapewa tu."

Bibi Borghild hasikilizi. Kavua soksi, kasimama peku juu ya kile kigae kipya, kafumba macho.

"Joto linakuja," ananong'ona. "Linakuja, Torunn!"

Oddgeir keshalivuta sanduku hadi chumbani na kulifungua. "Vyote nivirudishe kabatini?"

"Vyote," anajibu bibi. "Ila ndara ziache humo humo. Za nini tena?"