Beseni la Marcelline lililokimbiza ukumbi mzima

Saa moja na nusu asubuhi, mtaani Mapendo mjini Goma, mteja wa kwanza amesimama kwenye mlango wa saluni ya mbao na hataki kuingia. Anachungulia kushoto, anachungulia kulia, anainama atazame mpaka chini ya kiti.

"Mama Marcelline, ile beseni iko wapi?"

"Iko nyumba. Ingia, mutoto wangu, leo niko nasuka tu."

"Unaapa?"

"Fabiola, kaa chini! Uko na harusi kesho ama hauko nayo?"

Fabiola anakaa, lakini ukingoni kabisa, tayari kutoka mbio. Marcelline Kavugho, mwenye umri wa miaka 51, anashika chanuo, anaanza kugawa nywele za bibi harusi huku akicheka mpaka mabega yanamtikisika. Anasema tangu Machi haipiti siku bila mtu kumuuliza habari za beseni.

Mapendo inamjua kwa kazi mbili. Ya kwanza ni hii ya kusuka, vichwa vinne au vitano kwa siku, kumi zikikaribia sikukuu. Ya pili haina kibao mlangoni. Familia zikifiwa, humwita awanyoe wafiwa siku ya kumaliza matanga, kama bibi yake alivyokuwa akifanya kule Butembo.

Huenda kwa miguu, beseni la bati kiunoni, taulo jeupe limekunjwa ndani yake, wembe juu ya taulo. Akipita hivyo, wanawake waliokuwa wakipiga soga huacha. Mmoja huuliza, "Nani amekufa?" Naye hujibu kwa kutaja jina.

"Ni miaka vingt-deux, ishirini na mbili, sasa niko nanyoa wafiwa," anasema. "Wananiheshimu, siwezi sema uongo. Lakini mutu wa kufurahi kuniona, hakuna. Hata sokoni wananiangalia mikono kwanza, ndiyo wanasalimia."

Ndiyo maana mwaka jana, Jephté alipobisha hodi na habari ya sinema, Marcelline alikubali kabla kijana hajamaliza kueleza. Jephté, mtengenezaji filamu wa miaka 29, alikuwa ametazama sinema ya kutisha kutoka Asia: mzimu wa msichana mwenye nywele ndefu, anayejitokeza kwenye vioo vya watu na kujichana mpaka mwenye nyumba arukwe na akili. Akawaandikia wenye filamu, wakamruhusu aitengeneze upya kwa Kiswahili, hapa Goma, na watu wa Goma. Alihitaji nywele za kufika magotini.

Marcelline aliomba jambo moja tu. "Nikamwambia, mon fils, mutoto wangu, pale mwisho andika jina langu kwa herufi kubwa, kama majina ya wengine. Nataka watu walione siku moja bila kufikiria kifo."

Akashona tissage, nywele za bandia, siku kumi na moja. Na hapa ndipo alipoharibu mambo, maskini, kwa sababu ya ufundi wake mwenyewe. Msusi wa kweli hawezi kutoa nywele mbovu mlangoni pake. Alizifua, akazipaka mafuta, akazinyoosha kwa moto mpaka zikang'aa. Mzimu ukatoka umependeza kuliko bibi harusi.

Jumapili moja ya Novemba, saa tisa mchana, filamu ilionyeshwa kwa majaribio katika ukumbi wa kukodi. Watu mia mbili walibanana kwenye mabenchi. Rosine, mwanafunzi aliyeigiza mzimu, akajitokeza kwenye kioo, akaanza kujichana polepole.

Kutoka benchi la mbele ikasikika sauti ya Mukabalisa, muuza unga, jirani yake Marcelline: "Yesu wangu! Hiyo tissage alinunua wapi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kila mzimu ulipotokea, watu waliuliza bei. Bwana mmoja aliuomba ugeuke ili mke wake aone kisogoni. Mwisho, jina likatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa, NYWELE: MARCELLINE KAVUGHO, na kicheko cha hapo kilizidi vyote vilivyotangulia. Marcelline alitorokea mlango wa pembeni.

"Nilifunga saluni siku tatu. Haya ilinikamata."

Alipofungua, wateja walijaa wakidai nywele za mzimu. Wengine wangeshukuru, yeye ilimchoma zaidi. Kisha Jephté akaja, macho chini. Alisema angemtafuta mtu wa Kampala autengeneze upya ule mzimu. "Na jina lako, mama, tutalitoa," alimwambia, "juu watu wasikucheke tena."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko kicheko chenyewe. Alimwomba Jephté wiki moja. Hakuwa na wazo lolote, anakiri. Alitaka tu jina lake lisifutwe.

Siku ya nne aliitwa mtaa wa Mugunga kunyoa familia iliyofiwa. Hakuijua nyumba vizuri, akabisha lango ambalo silo. Mwenye nyumba, mzee aitwaye Barthélemy, akafungua, akaona beseni, akaona taulo na wembe.

"Akanishika mkono. 'Mama, nani amekufa?' Mimi nikabaki kimya kidogo, juu sikuelewa. Ule ukimya wangu ndiyo ulimmaliza! Akaanza kuita watoto wake, mumoja mumoja, kwa majina. Kila mutoto akiitika, anaita mwingine. Nikamwambia, papa, unisamehe, nimepotea nyumba. Akakaa chini pale mlangoni akalia."

Marcelline alikaa naye mpaka akatulia, na mkewe akaleta chai. Kisha akaenda nyumba ya tatu kutoka hapo, kwenye msiba wenyewe, akanyoa watu tisa kwa utaratibu wake wote. Jioni hiyo alimpigia Jephté simu. Acha kioo, alimwambia. Acha nywele. Mwanamke aliyenyolewa aje na beseni kwenye nyumba ambayo haijafiwa. Wamuulize nani amekufa. Naye akae kizingitini, atandike taulo, ajibu neno moja: "Bado."

"Nilikuwa nakula," anakumbuka Jephté. "Niliacha sahani."

Likabaki swali la nani anyolewe. Rosine aligoma: ana mtihani, ana mchumba, na nywele zake amezihangaikia miaka minne. Marcelline akavua kitambaa, akajinyoa mwenyewe mbele yao, na nafasi ya mzimu ikawa yake.

Ila beseni lake alikataa katakata kulitoa, hata Jephté alipombembeleza. "Ile inashika nywele za watu wenye wamelia kweli. Si ya kuchezea." Akanunua jingine, akaligonga-gonga kwenye mawe mpaka likafanana na lake.

Machi mwaka huu, filamu ilirudi ukumbini ikiwa na jina jipya, "Bado". Ukumbi ni ule ule. Mukabalisa yuko benchi la mbele, njugu mkononi, mdomo tayari. Marcelline amesimama nyuma kabisa, rozari inampita vidoleni.

Kwenye skrini, mwanamke mwenye upara anatembea barabarani. Hakuna muziki. Unasikika wembe tu, ukigongana na bati kila hatua. Anabisha hodi. Baba anafungua, anaona beseni, anauliza, "Nani amekufa?"

Mwanamke anakaa. Anatandika taulo. Anainua macho, anawahesabu watoto mmoja mmoja.

"Bado."

Lahaula! Mabenchi yalipinduka. Wanaume wazima walikimbilia mlango, wengine waliwaita watoto wao waliokuwa wamekaa hapo hapo kando yao. Mukabalisa aliingia chini ya benchi na njugu zake zikatapakaa sakafuni. Waliobaki walitazama filamu kupitia vidoleni, na jina la Marcelline lilipotokea mwishoni, nusu ya ukumbi ilikuwa nje na nusu nyingine imejifunika vichwa.

"Nilitaka kupiga vigelegele," anasema. "Hakuna hata mumoja alicheka. Hata mumoja!"

Nje, Mukabalisa alimsubiri, kanga imemkaa upande. "Marcelline, nisindikize nyumba, tafadhali. Lakini ile beseni isitufuate." Wakaenda wameshikana mikono, na njiani Mukabalisa akamwomba radhi kwa yale ya Novemba.

Tangu hapo "Bado" imeonyeshwa mara kumi na nne, ikiwemo katika shule moja ya Rumangabo ambako mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kutoka nje. Wafiwa wanaendelea kumwita Marcelline. Siku hizi, akifika kwenye msiba, hutaja jina la familia angali mbali na lango, asimtie mtu mwingine hofu ile ya mzee Barthélemy.

Jephté anaandaa filamu ya pili, na sura zote za waigizaji ziko mikononi mwa Marcelline. Rosine anakuja saluni kila Jumamosi kujifunza kazi hiyo. Mkataba umeandikwa, ila Marcelline bado hajatia sahihi. Anasubiri kipengele kimoja kirekebishwe.

Anafunga msuko wa mwisho, anampa Fabiola kioo. Fabiola anajitazama, anatabasamu, na sasa amekaa kwenye kiti kizima.

"Safari hii jina langu liende mwanzo," anasema Marcelline. "Kule mwisho nani atalisoma, na wote wako chini ya benchi?"